Uendapo Japani, Usiazime Macho ya Mzungu

Kila mwaka baadhi ya wanafunzi wetu, pamoja na walimu wa sayansi na hisabati, hupata nafasi ya kwenda Japani kusoma au kupokea mafunzo. Siku chache kabla ya safari huanza kutafuta maarifa ya nchi hiyo, na maarifa wanayoyapata aghalabu ni ya vitabu vya Kiingereza vilivyoandikiwa msafiri wa Ulaya na Marekani. Humo Japani huchorwa kama nchi ya vioja. Ati watu wa huko huvua viatu mlangoni! Ati hupokea kitu kwa mikono miwili! Ati mdogo hamtaji mkubwa wake kwa jina tupu! Kijana wa Kwale au wa Kakamega huyasoma maajabu hayo na kuyakariri kama anayejiandaa kwa mtihani, asijiulize hata mara moja ni lipi hasa katika hayo lililo geni kwake.

Nashikilia kwamba kijana huyo anapotoshwa. Anayeingia Japani kwa macho ya kuazima huwa mgeni mara mbili: mgeni kwa Wajapani, na mgeni kwa malezi yake mwenyewe. Nilikaa huko majuma sita pamoja na walimu kutoka nchi kadha za Afrika na Asia. Wenzetu waliofika na orodha ndefu ya makatazo walitembea kwa hofu, kila hatua wakichelea kuvunja mwiko, ilhali wale waliokumbuka adabu za majumbani mwao walitulia mapema na kuanza kuiona nchi.

Tuanze na jambo dogo la saa, maana mwalimu yeyote wa Kiswahili atalifurahia. Japani iko mbele ya Kenya kwa saa sita, wala hawabadilishi majira ya saa zao kiangazi wala kipupwe. Basi inapokuwa saa mbili asubuhi mjini Tokyo, mshale wa saa ya mkononi uliyotoka nayo Nairobi, ambayo hukuigusa, huelekea tarakimu ya 2. Mzungu atakwambia kwamba saa yako imepotea. Mswahili ataitazama na kusoma saa mbili, na ndivyo ilivyo! Majuma yote sita sikuwa na haja ya kuirekebisha yangu.

Sasa tuingie nyumbani. Penye mlango wa nyumba ya Kijapani pana kijisehemu kilicho chini kidogo ya sakafu, nacho huitwa genkan. Hapo ndipo viatu vinapokoma. Unavivua, unapanda ndani, kisha unavigeuza vielekee nje ili usipate taabu wakati wa kuondoka. Ndani utapewa ndara, lakini ufikapo katika chumba kilichotandikwa tatami, ile mikeka yao minene, ndara nazo huvuliwa, ukakanyaga kwa soksi. Maliwatoni kuna ndara nyingine, za humo tu, na wageni wengi huchekwa kwa kutoka nazo hadi sebuleni. Aliyelelewa Lamu au Mombasa hahitaji kitabu kumweleza maana ya haya yote. Bibi zetu walikuwa na mitalawanda yao ya chooni, na Wajapani wana viatu vya mti viitwavyo geta ambavyo ukiviona utadhani vimetoka katika karakana moja na mitalawanda hiyo. Mkeka ni mahali pa kukaa, kula na kulala. Nani atauleta uchafu wa njia juu yake? Ninachomsisitizia msafiri ni kimoja tu: soksi zako ziwe nzima.

Penye mlango huohuo pana neno la kusema. Mgeni akishakaribishwa, huingia huku akitamka ojama shimasu, yaani ninakuja kuwasumbua. Hodi yetu huomba ruhusa na kungoja jibu. Neno lao huomba radhi hata baada ya ruhusa kutolewa. Nadhani tofauti hiyo ndogo yaeleza mengi kuhusu watu hao. Kwetu mgeni ni baraka, na wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwao mgeni hukirimiwa sana, tena sana, lakini naye anatarajiwa kujua kwamba ukarimu huo una gharama. Ndiyo sababu kumtembelea mtu bila miadi, jambo ambalo kwetu ni ishara ya mapenzi, huwatia Wajapani wengi katika fadhaa. Hapo basi malezi yetu hayatusaidii, na msafiri hana budi kujifunza upya.

Kuhusu kuoga, sheria ni kwamba mwili husafishwa kwanza nje ya birika, mtu akiwa ameketi juu ya kigoda, akajisugua na kujimwagia maji hadi povu lote liishe. Ndipo aingie katika maji ya moto ajipumzishe. Maji hayo hutumiwa na nyumba nzima mmoja baada ya mwingine, na mara nyingi mgeni hutangulizwa. Kuyatia sabuni ni kuwaharibia wote walio nyuma yako. Katika chemchemi za maji ya moto ziitwazo onsen watu huoga uchi pamoja, aghalabu wanaume kwao na wanawake kwao. Wengi wetu tutaona haya, na sioni aibu katika kuona haya. Nyumba nyingi za wageni zina bafu la faragha ambalo mtu aweza kuliomba.

Lugha nayo isimtishe mtu. Kijapani kina irabu tano kama zetu, na maneno yake mengi huishia kwa irabu. Mwanafunzi wa darasa la tatu akipewa majina Yokohama, Nagasaki na Okinawa yaliyoandikwa kwa herufi za Kirumi, atayasoma barabara bila ya kufundishwa, jambo ambalo Mwingereza halipati kwa urahisi. Hata ukopaji wao wa maneno hufuata njia tunayoijua: sisi tulilichukua neno la Kiingereza tukasema basi, wao wakasema basu. Lakini kinachonivutia zaidi ni neno otsukaresama. Wafanyakazi huambiana neno hilo jioni wanapoagana, na mtu aliyetoka katika shughuli nzito hupokewa kwa neno hilo. Wafasiri wa Kiingereza huhangaika nalo, wakaishia kuandika sentensi nzima. Kiswahili kina jibu tayari: pole na kazi. Yeyote aliyewahi kumweleza Mwingereza maana ya pole, na kwamba si kuomba msamaha, anaijua taabu ya wafasiri hao.

Heshima imo ndani ya vitenzi vyenyewe. Kula ni taberu, lakini mkubwa anapokula kitenzi huwa meshiagaru, na ninapojinyenyekeza kwa kula nilichopewa huwa itadaku. Kutokana na hicho cha mwisho ndipo linapotoka neno itadakimasu, linalosemwa kabla ya kugusa chakula. Mwalimu ni sensei, na wengine huongezewa san baada ya majina yao. Usijiongezee san wewe mwenyewe. Ni sawa na mtu kujiamkia shikamoo.

Mezani ndipo vitabu vile vinaponiudhi hasa, kwa kuwa hutoa amri bila ya sababu. Usisimamishe vijiti vyako katika wali, husema. Usipokezane chakula kijiti kwa kijiti, huongeza. Mwalimu mzuri ajua kwamba kanuni isiyo na sababu haikai kichwani. Sababu ni mauti. Bakuli la wali lililosimamishwa vijiti ndilo huwekwa mbele ya maiti. Na baada ya maiti kuchomwa, jamaa huiokota mifupa kwa vijiti na kuiweka ndani ya chungu, mara nyingine wawili wakishika mfupa mmoja au kupokezana. Aliyeelewa hayo hawezi kusahau, wala hatahitaji kukumbushwa. Vivyo hivyo na vazi la yukata utakalopewa katika nyumba za wageni za kienyeji: upande wa kushoto hupita juu ya ule wa kulia, kwa maana kinyume chake ni vazi la maiti.

Kwa Mwislamu, na kwa yeyote asiyekula nguruwe, tahadhari ni ya lazima. Mchuzi wa tambi za ramen mara nyingi hutengenezwa kwa mifupa ya nguruwe hata kama hapaonekani nyama juu yake, na mirin, pombe tamu ya mchele, hutiwa katika mapishi mengi yasiyodhaniwa. Uliza kabla ya kuagiza. Msikiti wa kwanza nchini humo ulijengwa Kobe mwaka wa 1935, na ule mkubwa wa Tokyo, uliofunguliwa 1938, ukajengwa upya na kufunguliwa mwaka wa 2000. Karibu na misikiti hiyo hakukosekani mtu wa kukuelekeza penye chakula halali.

Bakshishi haitolewi. Ukiiacha mezani, yamkini mhudumu atakukimbilia barabarani akudhania umesahau fedha zako. Bei nayo ni ile iliyoandikwa. Ustadi wetu wa kupatana, tulioufundishwa Kongowea na Gikomba, waweza kupumzika.

Penye magari ya moshi pana mtihani mwingine. Mtu aliyezoea matatu zetu, muziki ukinguruma na utingo akiita, ataingia katika gari la Tokyo lililoshona watu na asisikie sauti. Simu hunyamazishwa, na mazungumzo, kama yapo, ni ya kunong'ona. Nilipata kukutana na ndugu wawili wa Afrika Magharibi ndani ya gari wakiamkiana kwa furaha ile tunayoijua, wakiulizana hali, nyumba, watoto na mvua. Abiria hawakusema neno. Waliinamisha nyuso zao tu, na kuinamisha huko ndiko kukemea kwenyewe. Binafsi siamini kwamba kimya hicho ni bora kuliko salamu zetu. Watu wengi wakibanwa mahali padogo kila siku hutafuta namna ya kuachiana nafasi, nao wameitafuta katika sauti. Lakini gari ni lao, na mgeni hunyamaza.

Gari la kasi, shinkansen, lilianza safari kati ya Tokyo na Osaka Oktoba 1, 1964, siku chache kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Siku hizi aina yake ya haraka zaidi hukufikisha Kyoto kwa muda wa saa mbili na robo hivi. Umbali wenyewe haupishani sana na ule wa Nairobi hadi Mombasa, ambao treni yetu ya mwaka wa 2017 huchukua kama saa tano. Wanafunzi wa jiografia na wafanye hesabu wenyewe.

Kyoto ilikuwa makao ya wafalme tangu mwaka wa 794 hadi 1868, na hakuna msafiri asiyepita huko. Ataonyeshwa Kinkaku-ji, jengo lililofunikwa dhahabu kando ya ziwa dogo, na huenda asiambiwe kwamba mtawa mmoja kijana aliliteketeza mwaka wa 1950, na kwamba hili alionalo lilisimamishwa 1955. Atapelekwa Fushimi Inari, kwenye maelfu ya milango myekundu iliyopangwa mlimani, kila mmoja umeandikwa jina la aliyeutoa. Umati hupiga picha penye milango ya chini na kurudi. Panda juu. Baada ya nusu saa utabaki na miti, mawe na wazee wachache wa mtaa ule waliokuja kuomba. Nara, mji mkuu kabla ya Kyoto, una sanamu ya shaba ya Budha yenye kimo cha mita 15 hivi, iliyozinduliwa mwaka wa 752, na una paa zaidi ya elfu wanaotembea huru mitaani. Paa hao wamejifunza kuinamisha vichwa ili wapewe biskuti. Msafiri husema kwamba hata wanyama wa Japani wana adabu. Mimi nasema wana njaa na akili.

Lakini kuna jambo la kutazama ambalo haliko katika orodha ya vivutio, nalo ni jinsi wenyeji wanavyotutazama sisi watazamaji. Mwaka wa 2024 Japani ilipokea wageni zaidi ya milioni 36. Katika mtaa wa Gion mjini Kyoto, wasichana wanaojifunza usanii wa jadi, maiko, hukimbiliwa na watu wenye kamera, wakavutwa nguo, wakazuiwa njia wakielekea kazini. Mwaka huo wa 2024 wakazi waliwafungia watalii vichochoro ambavyo ni mali ya wenyewe, kwa tisho la faini ya yen 10,000. Mwaka huohuo, katika mji mdogo wa Fujikawaguchiko, wenye mamlaka walitandaza pazia jeusi lenye urefu wa mita 20 ili kuziba mandhari ya mlima Fuji nyuma ya duka moja, kwa sababu watu walikuwa wakivuka barabara ovyo, wakatupa takataka na kupanda mapaa ya majirani wakitafuta picha. Pazia liliondolewa mwezi wa Agosti. Hebu fikiri: watu kuuficha mlima wao wenyewe!

Vitabu vya Wazungu huzieleza habari hizi kama tatizo la msongamano. Sisi tuzisome vingine, kwani tuko upande wa pili. Mkenya ni mtu aliyetazamwa tangu utotoni. Mama aliyevaa buibui akipita kichochoroni Lamu amewahi kugeukia ukutani ili asipigwe picha. Kijana wa Kimasai amewahi kuulizwa bei ya kuruka mara moja zaidi. Twajua uchungu wa mtu kuchukuliwa kama pambo la safari ya mwenzake, na twajua pia furaha ya mgeni aliyesimama, akaamkia, akangoja kujibiwa. Mtu mwenye ujuzi huo akishika kamera Gion na kumkimbilia binti wa watu, hana udhuru ambao Mjerumani au Mmarekani aweza kuutoa.

Sitaficha kwamba nasi tutatazamwa huko. Mtoto atakukodolea macho hadi mama yake amvute mkono. Kiti cha kando yako garini huenda kikabaki kitupu huku watu wamesimama. Mara nyingine ni haya ya lugha, mara nyingine ni ubaguzi, na si rahisi kutofautisha. Mwanafunzi atakayekaa miaka minne na aende akilijua hilo, asije akadhani kwamba adabu na upendo ni kitu kimoja.

Katika ziara zako utakutana na nyumba za ibada za aina mbili: za Shinto, ambazo huwa na lango la torii, na za Kibudha. Penye hizo za Shinto pana birika la maji. Unachota kwa upawa, unaosha mkono wa kushoto, kisha wa kulia, unatia maji kiganjani na kusukutua, kisha unausuuza mpini wa upawa kwa aliye nyuma yako. Mwenye kujua udhu atatabasamu. Waumini wa Shinto huinama mara mbili, hupiga makofi mawili, huinama tena. Kwa Wabudha makofi hayapigwi. Hakuna atakayemlazimisha Mkristo wala Mwislamu kuinama. Kusimama kando kwa utulivu, kofia mkononi, kwatosha.

Kama una siku ya ziada, nenda Ise. Majengo makuu ya huko hubomolewa na kujengwa upya kila baada ya miaka 20, kwenye kiwanja cha jirani, kwa namna ileile. Desturi hiyo ilianza mwaka wa 690 na imeendelea isipokuwa pale ilipokatizwa na vita. Mara ya mwisho ilikuwa 2013, na zamu inayofuata ni 2033. Je, jengo hilo ni la kale au ni jipya? Nimewahi kuwauliza wanafunzi swali hilo na kipindi kizima kikaisha. Fundi kijana hushika patasi chini ya fundi mzee, na miaka 20 baadaye yeye ndiye mzee. Nilisimama pale nikawawaza mafundi wa majahazi wa Lamu na Matondoni, nikijiuliza ni vijana wangapi wako chini yao hivi sasa.

Mwalimu akipata ruhusa ya kuingia shuleni, asikose. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko shuleni jembe ni kitambaa cha kupangusia. Wanafunzi husafisha madarasa, vijia na hata vyoo wenyewe, si kama adhabu bali kama sehemu ya siku. Katika shule za msingi hupakuliana chakula cha mchana wakiwa wamevaa vifuniko vya nywele, na mwalimu hula pamoja nao chakula kilekile. Baada ya kuona hayo utaelewa kwa nini mitaa ni safi ilhali mapipa ya taka ni haba, mengi yakiwa yaliondolewa baada ya shambulio la sumu katika reli ya chini mjini Tokyo mwaka wa 1995. Kila mtu hurudi nyumbani na taka zake mfukoni. Marehemu Profesa Wangari Maathai alipozuru Japani mwaka wa 2005 alilikuta neno mottainai, ambalo husemwa kitu kinapoharibiwa bure, akalichukua na kulitangaza ulimwenguni. Hilo ndilo ninaloliita kusafiri.

Mahali pa mwisho ni Hiroshima. Bomu lilidondoshwa Agosti 6, 1945, saa mbili na robo asubuhi, na kufikia mwisho wa mwaka huo watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Ndani ya jumba la kumbukumbu kuna baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wa miaka mitatu, na kuna kisanduku cha chakula cha mwanafunzi ambacho wali wake umegeuka makaa. Nje kuna mnara wa watoto, uliosimamishwa 1958 kwa ajili ya Sadako Sasaki, aliyekuwa na miaka miwili siku ya bomu na akafa kwa saratani ya damu mwaka wa 1955, akiwa na miaka 12, baada ya kukunja korongo wa karatasi kwa mamia. Shule kutoka kila pembe ya nchi huja hapo katika ziara zao. Nilimwona mwalimu mmoja akiwapanga wanafunzi wake mistari miwili. Sikumwona akihutubu. Wanafunzi wawili walitoka mbele wakatundika mikufu ya korongo walioikunja shuleni kwao, wote wakainama, wakakaa hivyo muda mrefu, kisha wakaenda chini ya miti kula chakula chao cha mchana.